Vijiwe vya Tonsili: Kwa Nini Vinarudi, na Kwa Nini Pini ya Nywele Iwekwe Kando

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naishi Busia upande wa Uganda, na kazi yangu ni kuweka na kutoa pesa za simu katika kibanda kidogo, kwa hiyo siku nzima nazungumza na wateja uso kwa uso. Tangu mwaka jana nimekuwa nikikohoa na kutoa vipunje vyeupe, vingine vya manjano, ukubwa wa punje ya mchele, na nikivifinya vinanuka vibaya mno. Nikijiangalia kwa kioo na tochi ya simu naviona vimejificha ndani ya tonsili, pande zote mbili, ila kulia zaidi. Huwa navichokoa kwa pini ya nywele. Mara ya mwisho damu ilitoka mpaka nikaogopa. Katika duka la dawa wamenipa antibiotiki mara tatu, harufu inapungua kwa siku chache kisha inarudi. Jirani anasema huo ni mwanzo wa saratani, shangazi yangu anataka nipelekwe kwa mzee anikate kilimi, na mwenzangu wa kazini anasema mimi sipigi mswaki. Nimeacha karanga na maziwa, sijaona tofauti. Hivi ni nini? Je, nifanyiwe upasuaji wa kuondoa tonsili? Na je, naweza kumwambukiza mwanangu wa miaka sita ambaye ninalala naye kitanda kimoja?"

Dada yangu, maelezo yako yako wazi kiasi kwamba, hata kabla ya kukuangalia koo, naweza kusema karibu kwa uhakika kwamba unavyovitoa ni vijiwe vya tonsili, jambo ambalo sisi tunaotibu masikio, pua na koo hulikuta mara kwa mara, na mara nyingi kwa mgonjwa aliyekuja kwa shida nyingine kabisa. Vijiwe hivyo si saratani, wala havigeuki kuwa saratani. Si dalili ya virusi vya Ukimwi, swali ambalo wengi huniuliza kwa sauti ya chini mlango ukishafungwa. Na si ushahidi kwamba wewe ni mchafu. Hata hivyo barua yako ina mambo mawili yaliyonitia wasiwasi kuliko vijiwe vyenyewe, nayo ni ile pini ya nywele na zile dozi tatu za antibiotiki. Nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu katika tatizo hili madhara huletwa zaidi na namna watu wanavyojitibu kuliko na tatizo lenyewe.

Tuanze na mahali vijiwe vinapotokea. Tonsili ni vinyama viwili vilivyokaa nyuma ya kinywa, kimoja kila upande wa koo, na kazi yake ni kuchunguza kila kinachopita hapo kuelekea tumboni au mapafuni. Ili kazi hiyo iwezekane, uso wa tonsili haukuumbwa laini kama ufizi. Una vishimo, kwa kawaida kati ya 10 na 30 katika kila tonsili, navyo vimejengeka kama kichuguu: kwa nje unaona tundu dogo tu, lakini ndani njia inapinda na kugawanyika. Katika kuta za vishimo hivyo vijidudu hukutana na chembe nyeupe za damu, na mwili hujifunza kuvitambua ili siku nyingine upambane navyo haraka. Mafunzo hayo yana maana kubwa zaidi utotoni. Baada ya kubalehe tonsili hunywea polepole, lakini vishimo vyake havizibiki, na ndiyo maana vijiwe huonekana zaidi kwa watu wazima kuliko kwa watoto wadogo.

Sasa fikiria kinachoingia humo kila siku. Kuta za kishimo, kama ngozi nyingine yoyote, hubambua seli zake zilizokufa. Juu yake huongezeka mate, kamasi inayoteremka kutoka puani, chembe ndogo za chakula na bakteria wa kawaida wa kinywani. Kwa watu wengi uchafu huo husukumwa nje kila tunapomeza, ukaenda tumboni bila mtu kujua. Lakini kishimo kikiwa kirefu, au mdomo wake ukiwa umebanwa na kovu la mafindofindo ya mara kwa mara ya utotoni, uchafu hubaki. Bakteria hushikamana ndani yake na kujijengea utando, ule ule unaofanya ukoga kwenye meno. Wale wanaohitaji oksijeni hukaa upande wa nje, na wale wasioitaka hujificha katikati. Hao wa katikati ndio wanaovunjavunja protini na kutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza. Unapofinya kipunje kwa vidole unaipasua ghala ya gesi hiyo, na ndiyo sababu harufu inakushtua kiasi hicho hata kama kipunje chenyewe ni kidogo mno.

Baadaye madini ya kalisi na fosfati yaliyomo katika mate hutulia juu ya bonge hilo na kuligandisha. Kipunje kichanga huvunjika kwa kukibonyeza kidogo. Kilichokaa kwa miezi huwa kigumu kweli kweli, na huweza kuonekana katika picha ya eksirei ya taya iliyopigwa kwa sababu ya jino. Wapo watu wengi wanaotembea na vijiwe maisha yao yote bila kuhisi kitu. Wengine huhisi kama mwiba wa samaki umekwama kooni, au ladha mbaya mdomoni, au kikohozi kikavu cha kujikuna koo. Wengine husikia maumivu sikioni ilhali sikio ni zima kabisa, kwa sababu neva inayohudumia tonsili hutoa pia tawi la sikio la kati, na ubongo hushindwa kutofautisha malalamiko yanatoka wapi.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini kuacha karanga na maziwa hakukusaidia. Chakula ni sehemu ndogo tu ya bonge hilo, na hata mtu akishinda akinywa uji mtupu, kuta za vishimo zitaendelea kubambua seli zake. Rudi kwenye karanga zako. Ni chakula bora, tena cha bei nafuu.

Kuhusu kilimi, naomba umwambie shangazi kwa heshima zote kwamba hapana. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, nacho hakitengenezi vijiwe, hakivihifadhi, wala hakihusiki navyo kwa namna yoyote. Najua kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kukikata ni desturi ya zamani kwa mtu anayekohoa au mtoto anayekataa kunyonya, na wazee wanaoifanya hawana nia mbaya. Lakini kisu kilichotumika kwa watu kadhaa bila kuchemshwa huleta pepopunda, usaha wa shingoni na virusi vinavyosafiri kwa damu, na kilimi kikikatwa karibu mno na shina lake damu huweza kumwagika kuingia kwenye njia ya hewa. Baada ya hatari yote hiyo, vijiwe vyako vingekuwa pale pale.

Mwenzako wa kazini naye amekosea kukulaumu, ingawa bila kujua amegusa jambo la kweli, na hapa naomba uwe na subira nami. Si kila harufu ya kinywa ya mtu mwenye vijiwe inatokana na vijiwe. Sehemu kubwa ya harufu mbaya ya kinywa hutokana na kinywa chenyewe, hasa nyuma ya ulimi na katikati ya meno ambako mswaki haufiki, halafu ufizi wenye ugonjwa na meno yaliyooza. Mgonjwa akiona kipunje kinachonuka huhitimisha kwamba amempata mwizi, akahangaika na tonsili miaka mitatu, kumbe ufizi wake unatoa damu kila asubuhi na ulimi wake una utando mweupe mnene. Kabla ya kufikiria upasuaji jipime hivi: chukua kijiko safi, kipitishe taratibu nyuma kabisa ya ulimi, kisha nusa kilichobaki kwenye kijiko baada ya sekunde chache. Kikiwa na harufu kali, ulimi wako una mchango wake. Halafu mwulize mtu mmoja unayemwamini, dada au mume, akuambie ukweli akiwa umbali ule ule wa mteja wako kibandani. Pua huzoea harufu ya mwenyewe, kwa hiyo wewe si shahidi mzuri. Wapo wanaonuka wasijue, na wapo pia, tena si wachache, walioacha kuongea na watu kwa sababu ya harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia.

Sasa pini. Tonsili ni nyama yenye damu nyingi mno. Inalishwa na mishipa kadhaa inayotoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na ndiyo maana jeraha dogo tu hapo huonekana kama uchinjaji mtu akitema kwenye sinki. Mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ubongo nao uko nyuma yake, kwa mtu mzima kiasi cha sentimita mbili na nusu hivi, na kwa wachache hupinda ukasogea karibu zaidi. Sisemi kwamba pini yako imekaribia kuufikia. Nasema tu kwamba mkono ulioshika kitu chenye ncha, mbele ya kioo, huku koo likijikunja kwa kutaka kutapika, si mkono unaoweza kuamua unasimama wapi. Jambo linalotokea mara nyingi zaidi ni dogo kuliko hilo lakini linakera: kila mkwaruzo hupona kwa kovu, kovu hubana mdomo wa kishimo, na kishimo kilichobanwa hushika uchafu zaidi kuliko mwanzo. Kwa maneno mengine, huenda ule upande wa kulia unaokusumbua zaidi ndio ule unaouchokoa kwa urahisi zaidi. Mambo ni hayo hayo kwa njiti ya kiberiti, kijiti cha meno, kifuniko cha kalamu na ukucha mrefu. Wapo pia waliomeza au kuvuta pumzini hicho walichokuwa wakichokolea.

Kuhusu antibiotiki, ulichokiona mwenyewe ndicho ukweli wenyewe: harufu inapungua, kisha inarudi. Dawa inayomezwa husafirishwa na damu, na kijiwe hakina mshipa wa damu hata mmoja. Dawa huwapunguza bakteria waliopo juu juu na kwenye kuta za kishimo, gesi ikapungua kwa siku chache, lakini bonge linabaki, na walio katikati ya utando wao wamejikinga. Hata kama dawa ingewaua wote, kishimo kingebaki wazi, na kinywa hakikosi bakteria wapya hata kwa saa moja. Kwa hiyo dozi ya nne haitafanya kile ambacho ya tatu ilishindwa kufanya. Itakachofanya ni kukuharibia tumbo, pengine kukuletea fangasi, na kuwazoesha bakteria wa mwilini mwako dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa homa ya mapafu au kidonda cha uzazi. Katika miji yetu ya mpakani vidonge vinauzwa kwa idadi ya shilingi ulizo nazo mkononi, vitano leo na vitatu keshokutwa, na sidhani kama kuna njia ya haraka zaidi ya kufundisha vijidudu ukaidi. Antibiotiki ina nafasi yake pale tonsili inapougua kweli, yaani kuna homa, maumivu makali ya kumeza, tonsili nyekundu iliyovimba na tezi za shingo zinazouma ukizigusa. Na hata hapo mhudumu wa afya aangalie koo kwanza, kwa maana maumivu mengi ya koo huletwa na virusi ambavyo antibiotiki haivigusi.

Ufanye nini basi? Lililo bora kuliko yote ni rahisi mno hata watu hulidharau: kusukutua koo kwa maji ya chumvi. Chukua kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, inua kichwa, na acha maji yachemke kooni kwa nguvu ya pumzi yako kwa nusu dakika kabla ya kuyatema. Rudia mpaka kikombe kiishe, hasa baada ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Usiyameze. Chumvi haiyeyushi kijiwe, na yeyote atakayekuuzia dawa ya kuyeyusha vijiwe anakuuzia maneno. Kazi inafanywa na mtikisiko wa maji, ambao hulegeza vipunje vichanga na kuviosha kabla havijagandishwa na madini. Ndiyo maana zoezi hili hulipa baada ya wiki kadhaa, si baada ya siku mbili.

Kijiwe kinachoonekana wazi kwenye mdomo wa kishimo na kinachokukera unaweza kukitoa kwa kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kikiwa kimelowanishwa. Nawa mikono, simama mbele ya kioo mahali penye mwanga, toa ulimi nje huku ukitamka "aa" kwa muda mrefu, kisha bonyeza taratibu nyama iliyo chini au kando ya kijiwe, usibonyeze kijiwe chenyewe. Ukikibonyeza chenyewe unakizamisha. Ukibonyeza kando yake, kishimo kinajikamua na kijiwe kinajitokeza. Jaribu mara mbili au tatu, na kikikataa kiache, kwa sababu hakuna dharura. Ikiwa koo lako linajikunja sana, tumia bomba la sindano la mililita kumi lililoondolewa sindano yake, lililojazwa maji vuguvugu, ukiinamia beseni ili maji yatoke na yasiteremke kwenye njia ya hewa, na uyasukume polepole kuelekea kwenye kishimo. Vipo pia vifaa vya umeme vinavyorusha maji ya kusafishia meno. Ukivipata, viweke kwenye nguvu ya chini kabisa, maana ile ya juu huweza kuchana tonsili. Kijiwe kikiteremka ukakimeza, usihangaike. Tumbo litakisaga kama linavyosaga vile vingine ambavyo umekuwa ukivimeza miaka yote bila kujua.

Mengine yanahusu kuzuia kinywa kisikauke, kwa kuwa mate ndiyo maji ya kusuuza ambayo tumepewa bure. Mtu anayeongea na wateja tangu asubuhi hadi usiku, kando ya barabara yenye vumbi na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, hukauka kinywa bila kujitambua, hivyo weka chupa ya maji kibandani na unywe kidogo kidogo. Kama unalala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba, tatizo liko puani na ndilo la kutibiwa. Kama unameza piritoni kila mafua yanapokugusa, jua kwamba hukausha mate. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa ya meno yenye floridi, pitisha uzi katikati ya meno ukiweza kuupata, na usafishe ulimi hadi nyuma. Mswaki wa mti unafaa pia kwa aliyeuzoea, mradi afikie meno yote na si yale ya mbele yanayoonekana akicheka. Dawa za kusukutua zenye pombe hazina faida kwako, maana hukausha kile tunachotaka kilowane. Ile yenye klorheksidini ina nguvu, lakini ni ya wiki moja au mbili kwa ushauri wa mtu wa meno, kwani ikitumiwa muda mrefu hutia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Wapo wanaosukutua mafuta ya taa au dawa ya kung'arisha nguo. Msifanye hivyo kamwe. Mafuta ya taa yakiteremka mapafuni tone chache tu zinatosha kuleta homa kali ya mapafu, na dawa ya nguo huunguza koo.

Swali lako la upasuaji nalijibu hivi: inawezekana, na ndilo jambo pekee linalomaliza vijiwe vya tonsili moja kwa moja, kwa sababu pasipo tonsili hapana vishimo. Lakini si jambo ambalo ningekushauri leo. Kwa mtu mzima huu si upasuaji mdogo kama unavyosimuliwa na waliofanyiwa wakiwa na miaka mitano. Unalazwa kwa nusukaputi, na baada yake koo huuma kwa siku 10 hadi 14, tena maumivu huweza kuongezeka katikati ya wiki ya kwanza pale unapodhani umeanza kupona. Hatari inayotunyima usingizi sisi wapasuaji ni damu, ambayo huweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza au, kwa ujanja zaidi, kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati gamba linapobanduka na mgonjwa yuko nyumbani. Wengi haiwapati, lakini anayeipata anahitaji chumba cha upasuaji usiku huo huo. Kwa hiyo mtu anayeishi mbali na hospitali yenye mpasuaji nalazimika kumwuliza atakaa kwa nani mjini kwa wiki mbili, na nani atakaa kibandani wakati huo. Kama wewe au ndugu zako wa damu mna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao ni wa kawaida sana huko Mashariki na Kaskazini mwa Uganda, lazima daktari ajue kabla, kwani maandalizi yake ni tofauti.

Huwa tunaondoa tonsili bila kusita kwa mtu anayeugua mafindofindo ya kweli mara nyingi. Kipimo kinachotumika sana ni mara saba katika mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Vijiwe peke yake huingia kwenye orodha pale tu ambapo mtu ametunza kinywa, amesukutua kwa miezi, meno na ufizi vimekaguliwa vikaonekana vizima, na bado maisha yake yanavurugika. Ukifika hapo hakuna anayepaswa kukuambia kwamba unajidekeza. Zipo pia njia za kusawazisha mdomo wa vishimo kwa leza au kwa joto la umeme bila kuondoa tonsili nzima. Huponyesha haraka zaidi, lakini vijiwe huweza kurudi katika vishimo vilivyobaki, na vifaa vyake havipatikani kila mahali.

Pamoja na hayo yote, ningependa uonwe ana kwa ana mara moja, bila haraka. Sababu ni kwamba umetaja upande wa kulia kuwa zaidi. Huenda ni kovu la pini kama nilivyosema, ila macho ya mtu mwingine yathibitishe kwamba tonsili zenyewe zinalingana kwa ukubwa. Anzia hospitali ya wilaya, kwenu ni Masafu, na uombe kwanza kitengo cha meno. Wakiona haja ya mtaalamu wa koo watakuandikia rufaa, pengine Mbale, au Mulago ikibidi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri utaratibu huo. Tonsili moja inayokua kuliko nyenzake wiki baada ya wiki, kidonda kooni kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe shingoni usiouma unaoendelea kukua, mate yenye damu bila wewe kuchokoa kitu, au kukonda bila sababu: hizo ndizo dalili zinazotufanya tufikirie saratani, hasa kwa mvutaji wa sigara na mnywaji wa waragi, na jirani yako angezitaja hizo badala ya vipunje vyeupe ningemsikiliza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chenye jasho la usiku na homa kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho katika vituo vya serikali hakilipiwi. Na ukipata homa, maumivu makali ya upande mmoja, mdomo ukashindwa kufunguka vizuri, sauti ikawa kama ya mtu mwenye chakula cha moto kinywani na mate yakakudondoka kwa kushindwa kumeza, hilo ni jipu nyuma ya tonsili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, maana linahitaji kukamuliwa.

Mwisho mwanao. Vijiwe haviambukizi. Huwezi kumpa kwa kulala naye, kumbusu wala kunywea kikombe kimoja, kwa hiyo usimfukuze kitandani kwa sababu hiyo. Koo la mtoto wa miaka sita lina hatari yake nyingine, isiyohusiana na vijiwe vyako, na kwa kuwa umenitajia umri wake sitaipita. Baadhi ya mafindofindo ya watoto wa kati ya miaka 5 na 15 huletwa na bakteria ambao, wasipotibiwa, huweza kuamsha homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo, na maradhi hayo ya moyo bado tunayaona hapa Uganda kwa vijana ambao hakuna aliyekumbuka kwamba waliwahi kuumwa koo. Kwa hiyo siku mwanao atakapopata homa na kulalamika koo ghafla, bila mafua wala kikohozi, usimpe mabaki ya vidonge vyako. Mpeleke kituo cha afya ndani ya siku moja au mbili, aangaliwe koo, na akiandikiwa antibiotiki ahakikishwe anaimaliza dozi yote hata kama siku ya tatu atakuwa anacheza mpira.